Maziwa ya Shemeji

Mtaa mzima ulimwita Shemeji, na yeye aliwaita wanawake wote shemeji, hata wale waliotosha kuwa nyanya zake. Aliuza maziwa kwa baiskeli. Madumu mawili ya bati yalining'inia ubavuni mwa gurudumu la nyuma, na kikombe cha kupimia kilifungwa kwenye usukani, kikawa kinagonga chuma njia nzima. Kengele hakuwahi kuihitaji. Asubuhi alizunguka majumbani na kwenye mikahawa. Madumu yakiisha, alikuja kuyaosha kwenye bomba la uani, nyuma ya saluni ya Vidole.

Vidole naye si jina alilopewa na wazazi wake. Wateja walimbandika kwa sababu mikono yake ilisuka huku mdomo ukisimulia, na kabla hujamaliza kucheka kichwa kimeisha. Saluni aliiendesha na mdogo wake wa kike. Ilikuwa na viti viwili vya kuzunguka, drai moja iliyounguruma kama mashine ya kusaga, kioo chenye ufa pembeni, na dirisha moja la nyuma lenye nondo, lililotazama bomba. Dirisha hilo ndilo lililolea utani wa kila siku kati yake na muuza maziwa.

"Shemeji, leo umetia maji ndoo ngapi?"

"Za kukutosha kuoga, shemeji, maana naona bafuni umeadimika."

Mdogo wake Vidole alisema hawa wawili wakinyamaziana siku moja, mtaa utajua kuna msiba.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Wateja walikuwa hawajaanza kuja. Vidole alisimama dirishani na simu mkononi, akamwona Shemeji ameinama bombani na pakiti ya sabuni ya unga. Akapenyeza simu kati ya nondo, akaanza kurekodi. Shemeji akamimina sabuni ndani ya dumu. Akafungulia maji, akafunga kifuniko, akatikisa. Mabaki ya maziwa yalichanganyika na maji na povu, vyote vikawa vyeupe pepe. Vidole akaita, simu ingali inarekodi.

"Shemeji! Kumbe ndiyo mapishi yenyewe hayo?"

Shemeji hakugeuka hata kichwa. "Siri ya biashara hiyo, shemeji. Usinitangaze!"

Kisha akayamwaga maji yote mtaroni, akasuuza dumu kwa maji ya moto kutoka kwenye birika aliyokuja nayo, akalinusa ndani kama mama anavyonusa kichwa cha mtoto, akaliinamisha juani likauke. Vidole alirekodi yote hayo.

Alipokaa kwenye kiti kuitazama ile video, alilikata swali lake kwa kuwa sauti yake mwenyewe hakuipenda, ilitoka nene kama ya mtu mwenye mafua. Akakata na mwisho, kwa kuwa kichekesho kiliishia kwenye "usinitangaze". Kusuuza dumu kuna kichekesho gani? Kikabaki kipande kifupi: mtu anamimina unga mweupe kwenye dumu la maziwa, anatikisa, anasema ni siri ya biashara asitangazwe. Akaandika chini yake, "Kumbe ndiyo maana maziwa ya mtaa wetu ni matamu," akaongeza vikatuni vya kucheka, akaiweka kwenye ukurasa wa saluni, pale pa vitu vinavyojifuta kesho yake. Mdogo wake alicheka hadi akaangusha chanuo. Kesho yake ikajifuta kama kawaida, na Vidole akaisahau.

Haikupita wiki, alikuwa na mteja chini ya drai, mwalimu wa chekechea. Mtu akiwa chini ya drai huongea kama yuko ng'ambo ya mto, kwa sababu hajisikii. Yule mwalimu akapaza sauti saluni nzima ikasikia:

"Jamani, mmeiona hii? Hebu njooni muone tunavyouawa!"

Akageuza simu. Vidole, mikono ikiwa kwenye kichwa cha mteja mwingine, akanyoosha shingo. Akaona bomba. Akaona mgongo aliokuwa akiuona kila siku. Juu ya picha palikuwa na sauti ya mwanamume asiyemjua, nzito, iliyotulia kama ya msoma habari: "Ndugu watazamaji, hivi ndivyo formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, inavyotiwa kwenye maziwa ya watoto wetu. Msikilizeni mwenyewe akikiri." Ikafuata sauti ya Shemeji: "Siri ya biashara hiyo, shemeji. Usinitangaze!" Mwisho kabisa zikaja picha za watoto wamelala hospitali. Ukutani nyuma yao palikuwa na maandishi ambayo hakuna mtu wa mtaa ule angeweza kuyasoma, ya nchi nyingine kabisa. Lakini nani anatazama ukuta wakati mtoto amewekewa mipira puani?

Pembeni mwa video, kushoto, kilionekana kivuli cha nondo.

"Mimi na maziwa basi," alisema mwalimu. "Na hapa imeandikwa wameitazama watu laki ngapi sijui. Watu wote hao waongo?"

"Mh," alisema Vidole.

Mdogo wake alikuwa anafagia nywele. Alisimama na ufagio mkononi, akamtazama dada yake. "Dada, si ile..."

"Fagia na huku," alisema Vidole.

Wateja walipoondoka, mdogo mtu hakungoja kuulizwa. "Mama alikuwa akituambia mzaha mzaha hutumbua usaha, tukadhani anatuzuia tu kucheka. Dada, ile video nzima bado unayo?"

"Ninayo."

"Si uiweke, watu waone anavyosuuza?"

"Nikiiweka watajua ni mimi niliyempiga."

"Si ndiyo wewe?"

Vidole alijifanya anatafuta kifuniko cha mafuta ya nywele. Alikuwa na majibu mengi. Kwamba yeye hakutia ile sauti. Kwamba wale watoto wa hospitali hakuwaweka yeye. Kwamba mambo ya mtandaoni ni moto wa makaratasi, huwaka leo na kesho ni majivu. Alijisemea yote hayo, na kila moja lilikuwa na ukweli kidogo.

Moto haukuzimika. Kwa kuwa aliitazama ile video mpaka mwisho, simu yake ikaamua kwamba anapenda habari za maziwa. Kila alipoifungua atafute mitindo ya kusuka, aliletewa maziwa: mwanamke analia jikoni, kijana amevaa koti la daktari anaeleza dalili za sumu, mchekeshaji anaigiza Shemeji kwa madumu ya plastiki. Vidole alipitisha kidole haraka, na simu ikaleta nyingine. Huko nje, mikahawa ikaanza kununua maziwa ya pakiti. Kwenye milango ambayo zamani sufuria ilikuwa inamngoja Shemeji kizingitini, sasa pazia lilisogea kidogo, likarudi.

Vidole akaanza kununua maziwa kwa wingi. Alimpokelea dirishani, kwenye ndoo, kama anapokea magendo.

"Yote haya, shemeji? Mmeanza kuogea?"

"Nina wageni."

"Wageni wasioisha," alisema Shemeji, akimimina taratibu asimwage hata tone. Kisha akasema bila kucheka, "Wewe ni mtu, shemeji. Mtaa mzima umenigeuka, umebaki wewe."

Vidole alipokea ndoo, akageuka haraka. Maziwa aliyachemsha, yakaganda, akayagawa kwa majirani wa mbali waliodhani ni ya pakiti. Mdogo wake alimtazama akifanya hivyo, akaendelea kufagia.

Mchana mmoja, saluni ikiwa tupu, Shemeji aliingia kwa mlango wa mbele. Hakuwahi kuupita mlango ule. Alifuta viatu kwa muda mrefu kuliko vilivyokuwa vichafu, akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, kikazunguka naye kidogo, akashika meza kujizuia.

"Shemeji, wewe unazijua hizi simu. Nimekuja unisaidie."

"Nini tena?"

"Nitafutie aliyenipiga ile video. Simtaki kwa ugomvi. Nataka aseme tu alichokiona. Mtu aliyesimama akanipiga nikitia sabuni, ameniona na kumwaga. Hawezi kuwa hajaona."

Vidole aligeukia meza. Akachukua simu, kwa kuwa mikono ilihitaji kitu. "Aliyepiga hatumwoni," alisema. "Lakini naweza kuishtaki video yenyewe kwa wenye mtandao. Waitoe."

"Shtaki."

Akabonyeza. Mtandao ukamuuliza kosa ni lipi na kumpa ya kuchagua: uchi, silaha, ukatili kwa wanyama, mauzo ya dawa za kulevya. Shemeji alisogeza uso karibu. "Hapo hakuna penye kuandika 'uongo'?"

"Pako, chini. 'Taarifa zisizo sahihi.'"

"Haya. Waambie ni sabuni. Waambie wakitaka nitaleta na pakiti."

Hapakuwa na mahali pa kuandika sabuni. Vidole alibonyeza, akatuma. Jibu lilikuja kabla Shemeji hajarudisha mgongo kitini: "Asante kwa kutusaidia kulinda jamii yetu. Tumeikagua video hii na hatukupata ukiukaji wowote wa kanuni zetu."

"Wamekagua saa ngapi?" aliuliza Shemeji. "Hata kikohozi sijamaliza."

"Ni mashine, shemeji. Hakuna mtu."

"Na mwenye mashine?"

"Yuko mbali. Hata sijui wapi."

Shemeji alitafakari. "Mtu akinitukana sokoni, naenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akinionea, naenda juu yake. Huku naenda kwa nani? Nibebe madumu yangu niende wapi?"

Vidole aliishtaki video mara nyingine, kwa kosa jingine, akapata jibu lile lile neno kwa neno, pamoja na shukrani za kulinda jamii. Shemeji akawa anatazama ukuta wa nyuma, dirisha, nondo.

"Bomba lile," alisema polepole, "mtu akitaka kunipiga vile anasimama wapi? Wewe hukuona mtu yeyote amesimama hapa dirishani kwako?"

Nzi alitembea kwenye kioo. Hapo ndipo Vidole angeweza kusema, na alikuja kuukumbuka ule ukimya kwa miaka, jinsi ulivyokuwa mpana, jinsi ulivyomngoja.

"Wateja wanaingia wengi," alisema. "Labda mteja."

"Labda," alisema Shemeji. Akainuka, akashukuru, akatoka.

Kilichofuata kilitokea mbele ya saluni, pale njia mbili zinapokutana, kweupe kabisa. Vidole alikuwa nusu ya kichwa cha mteja aliposikia kelele. Akatoka mlangoni, kitana mkononi. Vijana walikuwa wameizunguka baiskeli. Mmoja ameshika usukani, mwingine amelifungua dumu. Hawakuwa majambazi; mmoja alikuwa fundi wa pikipiki pale pale, mwingine Vidole alimsuka dada yake kwa ajili ya harusi.

"Kama si sumu, kunywa!"

"Nakunywa," alisema Shemeji. "Nakunywa kila siku, hata nyumbani tunakunywa haya haya."

Akachota kwa kikombe cha kupimia, akanywa. Wakampigia makofi ya kejeli. "Cha pili!" Akanywa. "Dumu lote, mzee! Watoto wetu wamekunywa madumu!" Simu zilikuwa juu kama maua ya alizeti, zote zimemwelekea. Akanywa cha tatu, cha nne, maziwa yakamtiririka kidevuni hadi kifuani. Mtu yeyote akinyweshwa maziwa kiasi kile kwa haraka ile, katika jua lile, atatapika. Shemeji akashika mti wa taa, akatapika.

"Mmeona! Mmeona wenyewe!" Mtu akapiga mluzi. Dumu likapinduliwa, maziwa yakaenda na vumbi.

Vidole alikuwa mlangoni muda wote. Alitaka kupiga kelele, na kelele hiyo aliisikia ndani yake, iko tayari, maneno yote yamepangwa: ni sabuni, ni mimi niliyempiga, ninayo yote. Miguu haikuondoka. Alipokuja kushuka ngazi ya saluni, watu walikuwa wameanza kutawanyika, na Shemeji alikuwa anaokota kikombe chake. Macho yao yalikutana. Shemeji akamtikisia kichwa kidogo, kama mtu anayemwambia mwenzake asijisumbue.

Kabla jua halijageuka, video ya kutapika ilikuwa imeshaipita ile ya kwanza. "Muuza sumu aonja sumu yake." Vidole aliiona mkononi mwa mteja wake mwenyewe. Alimwacha na nusu ya kichwa, akamwambia mdogo wake amalizie, akatoka.

Shemeji aliishi vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala. Mkewe alikuwa nje akifua shati lenye maziwa. Alimwona Vidole, akamnyooshea mlango kwa mkono wenye povu, bila salamu. Ndani, Shemeji alikaa kitandani na fulana, ndoo karibu na miguu.

"Karibu, shemeji. Samahani kwa harufu."

Vidole alibaki amesimama. "Ni mimi," alisema.

"Naona ni wewe."

"Video. Ni mimi niliyekupiga. Nilikuwa natania tu, nikakata, nikaweka kwa ajili ya kucheka, wakaichukua wakatia maneno yao. Nilijua ni sabuni. Nilikuona ukisuuza. Ninayo yote humu." Akamnyooshea simu.

Shemeji hakuipokea. "Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Bomba lile linaonekana kutoka dirisha moja tu. Na ile 'siri ya biashara, usinitangaze', unadhani nilikuwa namjibu nani? Bomba?" Akafuta mdomo kwa kiganja. "Nilijua siku ile ile niliposikia sauti yangu. Ndiyo maana nikaja saluni. Nikasema, nikimkalia pale, nikimwomba kwa uso wangu, atasema. Nikakaa. Ukahangaika na simu, unanishtakia video uliyoipiga mwenyewe. Nikakuuliza na la dirisha, nikakufungulia kabisa mlango. Ukasema labda mteja."

Vidole alikaa chini sakafuni.

"Kwa nini hukunitaja? Leo pale nje, ungesema tu 'muulizeni yule'..."

"Wakuvunjie saluni? Wakunyweshe mafuta ya nywele? Umewaona walivyo."

Mkewe alikuwa ameingia. Alisimama na shati limekamuliwa mkononi, linadondosha maji sakafuni. Alikuwa amesikia. "Mwanangu shuleni wanamwita Formalini," alimwambia Vidole. "Hajui hata maana yake. Aliniuliza kama ni jina zuri." Hakupaza sauti. Akatoka akaanika shati.

Vidole alilia, na akajichukia kwa kulia, kwa sababu Shemeji alianza kutafuta kitambaa cha kumpa.

"Usilie hapa, dada," alisema. Lile neno "dada" lilimchoma Vidole kuliko tusi. "Nenda kaseme. Mimi sitaki kingine. Nenda kaseme kama ulivyoniambia."

Akasema. Alirudi saluni, akaketi mbele ya kioo chenye ufa, akajirekodi bila kujipaka chochote. Alitaja kazi yake, akaeleza alichofanya. Akaweka kile kipande kilichosambaa, kisha akaweka video nzima tangu mwanzo, na sauti yake nene ya mafua, mpaka kusuuza, mpaka kunusa, mpaka dumu kuinamishwa juani. "Mtu huyu hajatia kitu kwenye maziwa. Aliyetia uongo ni mimi." Akaituma.

Waliiona wateja wake, na ndugu zake wa mbali. Ile ya kutapika iliendelea kukimbia nchi nzima, na yake ikatambaa kama kobe aliyefungwa mguu. Chini yake watu wasiomjua waliandika kwamba amelipwa. Wengine walimuuliza anasuka mtindo gani. Mmoja aliandika, "Hata kama si yeye, wapo wanaofanya hivyo," na huyo ndiye aliyepata vidole vingi vya kumuunga mkono.

Kabla wiki haijaisha, alipata ujumbe kutoka kwa wenye mtandao. Alipoona jina lao alifikiri hatimaye kuna mtu ameamka. Ujumbe ulisema: "Tumeondoa video yako kwa sababu ina taarifa za uongo zinazoweza kudhuru afya ya umma." Mashine ilikuwa imekitambua kile kipande cha unga mweupe ndani ya video yake ya kukiri. Wale waliokigeuza kushoto kikawa kulia na kukitilia muziki haikuwatambua.

Vidole alikata rufaa. Alieleza kwa maneno mengi na ya adabu. Jibu: "Uamuzi wetu ni wa mwisho. Asante kwa kutusaidia kulinda jamii yetu." Ukurasa wa saluni ukazuiwa. Mdogo wake alicheka kwa uchungu. "Uliposema uongo walikuacha. Umesema kweli wamekufunga."

Basi akaenda kwa miguu. Alianza na mikahawa. Aliingia, akaomba dakika moja, akaonyesha simu, akasema "huyu aliyepiga ni mimi". Alikuwa hajajua ni kazi nzito kiasi gani kulisema jambo moja la aibu mlango baada ya mlango, na kila mlango kuanza upya kama hujawahi kulisema. Wengine walimsikiliza. Mwenye mkahawa wa kona alitazama mpaka mwisho, akasema, "Alaa! Kumbe!" na kesho yake akamwita Shemeji. Wengine walimkaripia. Mama mmoja mwenye pacha wachanga alitazama kwa makini, akarudia mara ya pili, akasema, "Nimekuelewa, mwanangu. Nimekuamini kabisa. Lakini watoto wangu siwapi." Vidole akamuuliza kwa nini, ikiwa ameamini. "Sijui. Nikiyaona yale maziwa nawaona wale watoto wa hospitali."

Mwenyekiti wa mtaa alimpa nafasi ya kusimama kwenye mkutano. Alisimama. Simu yake ilikuwa ndogo kwa umati ule, kwa hiyo alisimulia tu kwa mdomo. Vijana wa baiskeli walikuwapo, nyuma kabisa. Fundi wa pikipiki alitazama viatu vyake, na mkutano ulipokwisha alimfuata Vidole, akamwambia kwa hasira, kana kwamba amedhulumiwa, "Sasa wewe ungesema mapema, sisi tusingefanya vile." Vidole akasema, "Ni kweli." Na ilikuwa kweli.

Shemeji hakurudi kuwa yule wa zamani. Wateja waliorudi walikuwa wachache kuliko maziwa, na maziwa hayangoji mtu. Aliacha kuzunguka, akapata kazi ya kupakua mifuko kwenye ghala la saruji, na mkewe akabaki kupeleka maziwa kwenye mkahawa wa kona na nyumba chache. Madumu waliyaosha nyumbani kwao. Vidole alimwona Shemeji mara kwa mara akipita, amepauka kwa vumbi. Walisalimiana. Salamu ilikuwa kamili, ya heshima, na haikuwa na kicheko ndani yake.

Siku moja mkewe Shemeji alikuja saluni. Palikuwa na wateja wawili wanangoja. Alikaa kwenye kiti, akafungua kitambaa kichwani, akamtazama Vidole kupitia kioo.

"Nina sherehe ya ndugu," alisema. "Nataka kusukwa tu. Sitaki maongezi."

"Sawa, dada."

Vidole akagawa nywele, akaanza. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alisuka polepole, kwa kuwa hakutaka kumuumiza hata kidogo. Mdogo wake alizima redio bila kuambiwa. Mmoja wa wanaongoja, binti mwenye kucha ndefu, akacheka peke yake juu ya simu, kisha akaigeuza waone wote.

"Jamani, mmemwona huyu nesi? Eti anaiba watoto wodini, kanaswa kwenye kamera kabisa!"

Mkewe Shemeji hakugeuka, lakini Vidole alihisi shingo ikikaza chini ya vidole vyake.

"Zima," alisema Vidole.

"Kwani unamjua?"

"Simjui. Wala wewe humjui. Zima, tafadhali."

Binti akamtazama kama mtu anayeshangaa mwenye duka kumkataza kununua. Akavuta mdomo, akatoa vipokea sauti kwenye mkoba, akavichomeka masikioni, akageukia ukutani. Kwenye kioo Vidole aliona kidole gumba chake kikipanda juu ya skrini, kikapanda tena, na mwanga wa simu ukibadilika rangi usoni mwake. Akasuka. Mwanamke aliyekuwa kitini alifumba macho, akainamisha kichwa kidogo kumrahisishia kufika kisogoni.